Kuvuka mpaka na mnyama wako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "nahitaji karatasi gani?" Karatasi zenyewe hazizidi vidole vya mkono mmoja. Wengi wanaokwama mpakani wanazo zote, ila kuna moja iliyopigwa mhuri kabla ya nyingine wakati ilitakiwa ije baada yake. Ndiyo maana humu nimezungumzia sana tarehe na mfuatano wake. Mengi yanahusu mbwa na paka kwa sababu ndio wasafiri wakubwa. Kasuku, kobe na sungura wana sehemu yao huko chini.

Nianze maandalizi lini?

Leo, kama tayari unajua unahama. Kwa nchi zenye masharti magumu weka miezi 7 au 8. Kwa nchi nyepesi, miezi 2 inaweza kutosha.

Chukua kalenda, andika siku ya kufika, kisha hesabu kurudi nyuma. Tuseme unampeleka mbwa Umoja wa Ulaya, na unatoka katika nchi ambayo haimo kwenye orodha yao ya nchi zinazoaminika kwa kudhibiti kichaa cha mbwa. Kwanza anawekewa chipu ya utambulisho. Siku hiyohiyo au baadaye, chanjo. Zisipungue siku 30 toka chanjo, anatolewa damu ya kupima kinga. Tangu siku ya kutolewa damu inahesabiwa miezi 3 kamili ndipo aruhusiwe kuingia. Siku 10 za mwisho ni za cheti cha afya. Jumla ni miezi 4 ikiwa hakuna kilichoteleza, na huwa kuna kinachoteleza: maabara imepokea damu iliyoharibika njiani, au daktari wa serikali yuko likizo.

Kwa mtoto wa mbwa hesabu ni ndefu zaidi. Chanjo ya kichaa cha mbwa haihesabiki kabla hajatimiza wiki 12. Ongeza siku 30, ongeza miezi 3, utaona kwamba kwa njia hiyo hawezi kufika Ulaya kabla ya kukaribia miezi 7. Watu hununua kitoto cha wiki 8 wakiwa na tiketi ya mwezi ujao, halafu wananiuliza kama kuna njia ya mkato. Hakuna.

Kwa nini kila kitu kinazunguka kichaa cha mbwa?

Kwa sababu dalili zikishajitokeza, mgonjwa karibu kila mara hufa, awe mtu au mnyama. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya watu 59,000 kwa mwaka, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Virusi vinaweza kukaa mwilini wiki au miezi bila dalili yoyote. Mbwa anaweza kukimbiza mpira leo mbele ya afisa wa forodha na bado akawa amebeba ugonjwa. Ile miezi 3 ya kusubiri ndiyo dirisha la kuona kama kuna kitu kilichokuwa kimejificha kabla ya chanjo.

Uingereza iliwahi kuwafungia karantini miezi 6 mbwa na paka wote waliotoka nje, hata wawe na afya namna gani. Mwaka 2000 ilianza kukubali chipu, chanjo na kipimo cha damu badala ya kifungo hicho. Kwa hiyo ukichoka kukimbizana na karatasi, kumbuka zimechukua nafasi ya nini.

Chipu au chanjo, kipi kianze?

Chipu. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu, kwa nchi nyingi, ni kama haikuchomwa, maana hakuna kinachothibitisha kwamba mnyama aliyechomwa ndiye huyu aliyesimama mbele ya meza. Ikishatokea hivyo, dawa yake ni kuchanja upya na kuanza kuhesabu upya. Inauma, hasa ukiwa na kitabu cha chanjo kilichojaa mihuri ya miaka 5.

Chipu ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi, katikati ya mabega. Kina namba ya tarakimu 15 na kinafuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785. Zipo chipu za zamani zenye tarakimu 9 au 10. Kama mnyama wako ana mojawapo, ama utembee na kisomeo (kifaa cha kusomea chipu) chako mwenyewe, ama aongezewe chipu ya pili na namba zote mbili ziandikwe kwenye kila karatasi.

Mwombe daktari aisome chipu kila kabla ya tendo: kabla ya chanjo, kabla ya damu, kabla ya cheti. Chipu ya paka wangu ilihama. Siku moja daktari alipitisha kisomeo shingoni mara tatu, kimya. Akashuka nacho polepole begani, akafika karibu na kiwiko cha mguu wa kushoto, ndipo kikalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutoka jasho. Tangu hapo, kila mtu akishika kisomeo, mimi ndiye ninayeonyesha kwa kidole pa kuanzia.

Chipu si itanionyesha alipo akipotea?

Hapana. Haina betri wala haiwasiliani na setilaiti. Inaamka tu kisomeo kinapokaribia, inataja namba, inalala.

Chanjo ya mwaka jana imepita muda kwa siku moja tu. Ni shida?

Ndiyo. Chanjo ya marudio huhesabiwa kuwa marudio ikiwa imechomwa kabla ile ya awali haijaisha. Ikipita hata siku moja, hii mpya inahesabiwa kama ya kwanza maishani. Kwa masharti ya Ulaya na Uingereza maana yake ni kungoja tena siku 21, huku siku ya sindano ikihesabiwa kuwa sifuri. Na kama alikuwa na kipimo cha damu, kimekufa pamoja nayo: kipimo kile hubaki hai muda wote ambao chanjo hazijakatika.

Angalia pia muda ulioandikwa na mtengenezaji. Zipo chanjo za mwaka 1 na za miaka 3, na karatasi lazima itaje jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe ya kuchomwa na tarehe ya mwisho. "Amechanjwa" peke yake, hata chini ya mhuri mkubwa, haisaidii.

Kipimo cha damu kinapima nini, na ni lazima kwa kila mtu?

Kinapima kiasi cha kinga dhidi ya kichaa cha mbwa kilichomo kwenye damu. Kiwango kinachotakiwa ni angalau 0.5 IU (vipimo vya kimataifa) kwa mililita. Lazima kifanyike katika maabara inayotambuliwa na nchi unakokwenda, na maabara hizo ni chache, hivyo mara nyingi damu hutenganishwa, hupozwa na kusafirishwa nchi nyingine. Hapo ndipo pesa inapoanza kutoka.

Si kila safari inakidai. Inategemea unatoka wapi na unaingia wapi. Japani inakidai kwa wanaotoka katika nchi nyingi: chanjo mbili baada ya chipu, kisha damu, kisha siku 180 za kusubiri, na taarifa kwa mamlaka yao angalau siku 40 kabla ya kufika. Aliyekamilisha yote hayo kwa kawaida hukaguliwa uwanjani na kuondoka ndani ya saa 12. Aliyepungukiwa anaweza kuwekwa karantini hadi siku 180. Yaani siku ni zilezile. Uamuzi ni kama mbwa azitumie kwenye zulia lako au nyuma ya wavu.

Baadhi ya wanyama hawafikii 0.5 mara ya kwanza, hasa wachanga waliochanjwa mara moja. Madaktari wengi hupenda kuchanja mara mbili kabla ya kutoa damu, na mimi nawaunga mkono. Sindano ya pili ni nafuu kuliko kipimo cha pili.

Cheti cha afya nakipata kwa daktari wangu wa kila siku?

Anaweza kuanza yeye, lakini nchi nyingi zinataka sahihi au mhuri wa daktari wa mifugo wa serikali. Uliza mapema ofisi hiyo inafungua siku zipi na inataka fomu gani. Kwa Ulaya, cheti hutolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuingia, na kiwe pia katika lugha ya nchi utakayogusia kwanza. Anayepitia Ufaransa kwenda Ujerumani anaangalia Kifaransa.

Sasa, ukaguzi wa cheti usiufanye nyumbani. Ufanye palepale kaunta, kabla hujatoka mlangoni. Weka kidole kwenye namba ya chipu, msome tarakimu zote 15 kwa sauti, mmoja ameshika cheti, mwingine ameshika kitabu cha chanjo. Mimi nilishapokea cheti chenye 6 mahali pa 9. Aliyeandika alikuwa mtu makini tu, amechoka. Niligundua usiku wa kuamkia safari, na asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa daktari, tiketi mkononi, ndege ikiwa ya saa 8 mchana.

Na tarehe: 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa mmoja na tarehe 4 Machi kwa mwingine. Omba mwezi uandikwe kwa herufi, pale ambapo fomu inaruhusu. Asili zote ziende nawe mkononi, nakala kwenye mfuko ulioshikizwa juu ya kizimba, picha kwenye simu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Dawa ya minyoo nayo ina tarehe?

Kwa mbwa wanaoingia Uingereza, Ayalandi, Malta, Finland na Norwei, ndiyo, tena kwa saa. Wanataka dawa ya tegu yenye prazikwanteli, itolewe na daktari si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya kuingia, na saa iandikwe pamoja na tarehe. Wanamkimbia tegu mmoja mdogo wa mbweha na mbwa anayeweza kuharibu ini la binadamu. Ndege ikiahirishwa siku 2, ile saa 120 inaweza kukupita. Kwa hiyo usimpe siku ya kwanza ya dirisha, mpe katikati.

Paka hawadaiwi hiyo.

Mimi natangulia, mnyama atakuja na ndugu yangu. Inaruhusiwa?

Kwa Ulaya na Uingereza, mnyama anahesabika kuwa anasafiri na mwenyewe ikiwa safari zenu hazipishani zaidi ya siku 5, na huyo ndugu awe na barua yako ya idhini. Zaidi ya hapo, au wanyama wakizidi 5, mnaingia kwenye kanuni za biashara, ambazo ni dunia nyingine yenye fomu zake.

Akae nami ndani au chini kwenye mizigo?

Ukubwa wake ndio unaoamua kwanza, halafu shirika la ndege, halafu nchi. Mashirika mengi huruhusu mnyama mdogo ndani ikiwa yeye na begi lake hawazidi kilo 8 hivi na begi linaingia chini ya kiti cha mbele. Nafasi hizo ni chache kwa kila ndege. Piga simu uulize kama ipo, ishikiliwe, ndipo ulipie tiketi yako. Watu hufanya kinyume.

Uingereza hairuhusu mnyama kuingia kwa ndege akiwa ndani ya kabini, isipokuwa mbwa wa kumsaidia mwenye ulemavu. Anaingia kama shehena, kwa njia zilizoidhinishwa. Ndiyo maana wengi hutua Paris au Amsterdam na kumalizia kwa gari, kupitia feri au treni ya chini ya bahari. Ni mzunguko, lakini paka wako hakai peke yake.

Kama anakwenda ndani nawe, jiandae kwa kitu kimoja ambacho hakuna anayekitaja: kwenye ukaguzi wa usalama, begi hupita kwenye mashine na mnyama hutolewa. Utasimama umemkumbatia paka, viatu huna, mkanda umeuvua, kengele zinalia, huku na huko watu wanasukuma trei. Mvalishe mikanda ya kifuani (harness) kabla ya kutoka nyumbani, kamba uizungushe kifundoni mwa mkono mara mbili. Viwanja vingine vina chumba cha faragha. Omba, hakuna aibu. Paka akiponyoka pale hutamshika tena kabla ndege haijaondoka.

Wanaoogopa ndege kabisa wana meli ya Queen Mary 2, kati ya Southampton na New York, yenye mabanda ya mbwa na paka. Nafasi zake hukamatwa mapema mno.

Kizimba kiwe na ukubwa gani?

Hapa usikadirie kwa macho. Msimamishe mbwa, chukua futi ya fundi, pima vitu vinne kwa sentimita:

A, kutoka puani hadi shina la mkia.
B, kutoka chini hadi kiwiko cha mguu wa mbele.
C, upana wa mabega.
D, kutoka chini hadi utosini au ncha ya masikio, kilicho juu zaidi.

Urefu wa kizimba ni A ukijumlisha nusu ya B. Upana ni C mara 2. Kimo ni D, ukiongeza unene wa tandiko. Hivi ndivyo vipimo vya ndani kwa kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Mbwa mwenye A 80, B 40, C 25 na D 65 anataka kizimba cha urefu 100, upana 50 na kimo 65, ukiongeza unene wa tandiko. Mwenye pua fupi aongezewe asilimia 10.

Kiwe kigumu, kina matundu ya hewa pande zote, kimefungwa kwa boliti na nati za chuma, hakina magurudumu. Bakuli la maji na la chakula yafungwe mlangoni, yajazwe bila kufungua. Usitie kufuli; mtu wa uwanja lazima aweze kukifungua ikitokea dharura.

Lakini kizimba kizuri ambacho mbwa hajawahi kukiona hadi asubuhi ya safari ni jela. Kilete nyumbani wiki 6 kabla. Vua mlango. Weka chakula mlangoni, kesho yake hatua moja ndani, baada ya wiki mpe chakula chote ndani. Rudisha mlango, funga dakika 1, kaa pembeni usome. Halafu 5. Halafu toka chumbani. Siku atakapoingia mwenyewe kulala mchana bila kuitwa, mmemaliza kazi kubwa kuliko vyeti vyote. Ndani weka fulana uliyoivaa, isiyofuliwa.

Nimpe dawa ya usingizi atulie?

Usimpe. Dawa za kulewesha hushusha msukumo wa damu, huvuruga kupumua na uwezo wa mwili kujirekebishia joto, na mbwa mlegevu hawezi kujishikilia kizimba kinapoyumba. Mashirika mengi hukataa mnyama aliyeleweshwa. Kama ana hofu kubwa, zungumza na daktari miezi kadhaa kabla kuhusu njia nyingine, na chochote atakachoshauri kijaribuni nyumbani kwanza.

Mbwa wangu ana pua bapa. Kuna neno?

Lipo. Bulldog, pug, boxer, paka wa Kiajemi na jamaa zao wanapumua kwa njia nyembamba. Joto na woga vikikutana, koo linavimba na hewa inakata. Mashirika mengi hayawapokei kama shehena kabisa, mengine huwakataa miezi ya joto. Binafsi singemweka bulldog kwenye shehena hata kama shirika limekubali. Kwa mbwa wa aina zote, baadhi ya mashirika hukataa joto likifika karibu nyuzi 29 kwenye uwanja wowote wa njiani, hivyo katika msimu wa jua chagua ndege ya usiku.

Ale nini kabla ya safari?

Mlo mwepesi saa 4 hadi 6 kabla. Maji hadi dakika ya mwisho. Igandishe bakuli la kizimba usiku ule: barafu haimwagiki wakati wa kupakiwa na inayeyuka taratibu njiani. Mtembeze hadi amalize haja zote.

Tunabadilisha ndege katika nchi ya tatu. Inahusu?

Inahusu sana. Nchi ya kupitia inaweza kudai kibali cha kupita, na kama tiketi zako ni mbili tofauti, mnyama huenda akahesabika ameingia kabisa, na masharti yote ya nchi ile yakamwangukia. Ndege ya moja kwa moja ikiwepo, hata kwa bei ya juu, ichukue. Isipokuwepo, tiketi iwe moja, na usikubali muda mfupi sana wa kubadilisha. Wewe utakimbia, kizimba hakikimbii.

Marekani wamebadilisha masharti, ni kweli?

Kuanzia tarehe 1 Agosti 2024, kila mbwa anayeingia Marekani lazima awe na umri wa angalau miezi 6, chipu, afya ya kuonekana, na fomu ya CDC (mamlaka ya Marekani ya kudhibiti magonjwa) iliyojazwa mtandaoni. Wanaotoka au waliopita katika nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa ndani ya miezi 6 wana nyongeza, na kwa mbwa waliochanjwa nje ya Marekani nyongeza hizo ni pamoja na kuweka nafasi katika kituo cha kupokelea wanyama. Paka hawadaiwi chanjo hiyo na serikali kuu, ila jimbo au shirika la ndege linaweza kuidai. Hawaii ina karantini yake, hadi siku 120 kwa asiyejiandaa.

Na Australia?

Hao ndio mabingwa wa ugumu. Kutoka nchi wasizozikubali huwezi kwenda moja kwa moja; unapitia kwanza nchi iliyo kwenye orodha yao. Karantini ni lazima, katika kituo cha Mickleham karibu na Melbourne: siku 10 kwa aliyefuata utaratibu wote, pamoja na kuhakikiwa utambulisho kabla ya kipimo cha damu pale unapodaiwa, na siku 30 kwa asiyehakikiwa. Huruhusiwi kwenda kumtembelea. Watu hulia wakisikia hivyo, lakini wanyama wengi hutoka wamenenepa kidogo, na mwenye mnyama ndiye aliyekonda.

Kuna mbwa wanaokatazwa kwa aina yao?

Wapo. Uingereza imepiga marufuku pit bull terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino, Fila Brasileiro na, tangu 2024, XL Bully. Chanjo wala tabia njema haisaidii. Mara nyingi wanaangalia umbo, si karatasi ya ukoo. Kama mbwa wako ni chotara mwenye kichwa kipana, uliza kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Nina kasuku. Nina kobe. Nina sungura.

Kasuku wa kijivu wa Afrika yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu mkutano wa Johannesburg wa 2016, kwa hiyo anahitaji kibali cha nchi anayotoka na cha nchi anayoingia, pamoja na ushahidi kwamba ulimpata kihalali. Bila risiti au cheti cha kuzaliwa kwenye ufugaji, usimtoe. Anaweza kutaifishwa, nawe ukashtakiwa. Juu ya hayo kuna masharti ya mafua ya ndege. Kobe wengi nao wako chini ya mkataba huohuo. Jina la kitaalamu la aina yake ndilo litakalokupa jibu.

Sungura hana mengi katika nchi nyingi. Ila Queensland, Australia, kumfuga nyumbani ni kosa, na miongoni mwa wachache wanaoweza kupata kibali ni wacheza mazingaombwe.

Nikimtia kwenye begi tu, nisiseme kitu?

Mwaka 2015 waigizaji wa Marekani Johnny Depp na Amber Heard waliingia Australia kwa ndege binafsi na mbwa wao wawili, Pistol na Boo, bila kuwatangaza. Serikali iliwaambia mbwa waondoke nchini au wauawe. Mbwa waliondoka, na mwaka uliofuata Heard alikiri mahakamani kosa la kutoa taarifa ya uongo kwenye kadi ya kuingilia. Hao walikuwa na ndege yao na mawakili wao.

Nitumie wakala?

Kwa shehena na kwa nchi ngumu, ndiyo, ukimpata anayekupa ratiba yenye tarehe badala ya ahadi. Ila jihadhari na jumbe za "mnyama amekwama uwanjani, tuma fedha ya kizimba cha bima". Ni utapeli wa kila siku, na mara nyingi huyo mnyama hayupo kabisa.

Naenda wiki 2 tu. Nimchukue?

Nitasema ukweli wangu: mwache. Kwa mtu anayemjua, nyumbani kwake, na bakuli lake. Paka hasa, yeye humpenda mwenyewe, lakini chumba alichokizoea hukipenda zaidi. Mnyama mzee, mwenye moyo mbovu au mwenye mimba naye abaki, hata safari ikiwa ndefu, hadi daktari atakaposema vinginevyo.

Tumefika salama. Kuna la kufanya?

Mweke chumba kimoja kwanza, na choo chake, maji na ile fulana. Paka anaweza kukaa chini ya kitanda siku 2, usimvute. Asipokula baada ya saa 24, tafuta daktari.

Wiki hiyohiyo badilisha namba ya simu kwenye daftari la usajili wa chipu, kwani ile ya zamani haitapokelewa na mtu. Na kama utakuja kurudi, soma masharti ya kurudi sasa hivi. Anayeishi Ulaya akitaka kumpeleka mbwa likizo katika nchi isiyo kwenye orodha, amtoe damu na matokeo yaandikwe kwenye pasipoti ya mnyama kabla ya kuondoka. Akifanya hivyo, ile miezi 3 haimhusu wakati wa kurudi. Akisahau, atakaa nayo huko alikokwenda.